Shingo ya Mche Ibaki Juu

Mche wa mchungwa unapokufa katika mwaka wake wa pili, mwenye bustani hutafuta sababu katika mambo yaliyotokea karibuni: wadudu waliochora majani, majuma mawili ya jua kali, mbolea asiyoijua vizuri. Kwa jinsi nilivyoona, katika bustani yangu na katika bustani za watu walioniomba niwatazamie miti yao, mara nyingi sababu huwa ipo pale pale tangu siku ya kupanda, nayo ni kwamba mche ulishushwa chini mno. Udongo wa kimo cha vidole vitatu tu uliozidi kwenye shina unatosha kuufanya mti udhoofike polepole, na wakati majani yanapoanza kugeuka manjano hakuna tena anayelikumbuka shimo.

Ili kuelewa kwa nini vidole vitatu vina uzito kiasi hicho, ni lazima kwanza tuutazame mche wenyewe. Miche mingi ya jamii ya machungwa inayotoka vitaluni, iwe ya mchungwa, mlimau, mndimu, mchenza au mbalungi, ni mimea miwili iliyounganishwa kwa kubebeshwa. Chini upo mche uliooteshwa kwa mbegu, ambao kazi yake ni kutoa mizizi na kuvumilia udongo. Juu yake limebandikwa jicho, au kikonyo, cha aina ile tunayotaka kula matunda yake. Mimea hiyo ilipokutana hubaki kovu, pengine uvimbe mdogo, pengine mpindo unaoonekana kwa urahisi, kimo fulani juu ya udongo wa kiriba. Chini ya kovu hilo, pale shina linapogeuka kuwa mizizi, ndipo ilipo shingo ya mche. Gome la mizizi limezoea unyevu, lakini gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo, na likifukiwa hubaki limelowa kwa majuma mengi na kulainika.

Wanaonufaika na ulaini huo ni vimelea wa jenasi ya Phytophthora, ambao wamo katika udongo wa sehemu nyingi duniani na ambao vijimbegu vyao huogelea katika maji yaliyotuama hadi vikutane na mzizi au gome. Wakishaingia, shina hutoa gundi ya rangi ya kahawia, gome hufa na kupasuka, na kidonda hutambaa kuzunguka shina. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome, kwa hiyo mti ambao gome lake limeoza kulizunguka shina huwa umeikatia mizizi yake riziki, hata kama kwa juu bado unaonekana wa kijani. Mizizi hufa kwa njaa kwanza, kisha majani hufuata kwa kiu, na mwenye bustani akiona majani yamelegea huongeza maji, yaani humwongezea adui nguvu.

Kubebesha kwenyewe, kwa sehemu kubwa, kulienea kwa sababu ya ugonjwa huu. Katika karne ya 19 uliangamiza miti katika visiwa vya Azores na baadaye katika mashamba ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, na wakulima wakagundua kwamba mdanzi, ule wenye matunda machungu, huustahimili vizuri zaidi kuliko mchungwa mtamu. Wakaanza kuyabebesha machungwa yao juu ya midanzi. Suluhisho hilo lilidumu hadi miaka ya 1930, virusi vya tristeza, ambavyo hubebwa na vidukari, vilipoua mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya midanzi huko Argentina na Brazil, na watu wakalazimika kutafuta mashina mengine. Leo utakuta mlimau wenye ganda la makunyanzi, unaokua haraka na kupenda kichanga lakini usiovumilia unyevu wa kudumu, au mchungwa wa majani matatu pamoja na machotara wake, unaostahimili baridi na kuoza kwa shina lakini unaoteseka katika udongo wenye chokaa nyingi. Swali la kwanza ninalomuuliza mwenye kitalu, kwa hiyo, ni mche umebebeshwa juu ya shina gani. Jina la tunda linafuata. Akiwa hajui, sichukui.

Kuna jambo moja hapa linalosahaulika. Ikiwa shina la chini lilichaguliwa kwa sababu linavumilia vimelea wa udongo, basi kulifukia hadi juu ya kovu ni kuipoteza faida yote ya kubebesha, kwa kuwa sasa gome linalogusa udongo ni la aina ya juu, na mlimau kwa mfano ni dhaifu sana mbele ya ugonjwa huu. Napenda kovu likae walau sentimita 15 juu ya udongo baada ya kila kitu kutulia, na zaidi ya hapo sioni ubaya.

Wengine huniuliza kama si rahisi zaidi kuotesha mbegu ya tunda walilolipenda. Inawezekana, na jambo la ajabu ni kwamba mbegu nyingi za machungwa na malimau hutoa mche zaidi ya mmoja, ambapo ile yenye nguvu kwa kawaida ni nakala kamili ya mti mama, bila mchango wowote wa chavua. Mifurungu haifanyi hivyo. Tatizo ni subira. Mche wa mbegu hupitia utoto mrefu wenye miiba mikali, na huweza kukaa miaka saba au kumi, pengine zaidi, kabla ya kutoa ua, ilhali uliobebeshwa kutoka mti mzima huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu. Anayefurahia kungoja aoteshe mbegu. Makala haya yanamhusu yule mwingine.

Katika kuchagua mche, watu huvutwa na ukubwa na hasa na tunda linaloning'inia. Mimi huchagua mfupi, wenye shina lililonyooka, kovu lililopona vizuri pande zote, na majani ya kijani kibichi yasiyojikunja. Mche ulioshinda miaka mingi katika kiriba huwa na mizizi iliyojizungusha ndani yake, na mizizi hiyo ikiachwa hivyo itaendelea kuzunguka hata ardhini, hadi siku ambayo itaanza kulikaba shina. Chunguza pia upande wa chini wa majani. Sababu nyingine ya kuchagua kitalu kinachokaguliwa ni ugonjwa wa huanglongbing, unaoletwa na bakteria na kusambazwa na vijidudu wadogo wanaofyonza majani machanga. Hauna tiba. Uligunduliwa Florida mwaka 2005 na tangu hapo umepunguza mno uzalishaji wa machungwa wa jimbo hilo. Kwa hiyo usibebe mche wala kikonyo kutoka eneo moja kwenda jingine kwa sababu tu ni zawadi ya rafiki.

Mahali pa kupanda pawe na jua la moja kwa moja kwa saa sita hadi nane kwa siku, na pawe mbali na ukuta, karo na miti mikubwa kwa mita tatu au nne. Hayo ni rahisi. Maji ndiyo yanayostahili kupimwa kabla ya kuchukua uamuzi. Chimba kishimo chenye kina cha sentimita 40, kijaze maji, yaache yaishe, kisha ujaze tena na kuangalia yanashuka kwa kasi gani. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa, udongo unafaa. Yakishuka polepole kuliko hapo, na hasa yakikutwa bado yapo asubuhi ya pili, usipande mche chini ya usawa wa ardhi kabisa. Tengeneza tuta la udongo pana lenye kimo cha sentimita 30 au zaidi na uupande juu yake. Mchungwa unakubali udongo wa aina nyingi, kuanzia kichanga hadi mfinyanzi mwepesi, ilimradi mizizi yake isikae ndani ya maji, na hupenda uchachu wa kadiri, pH ya 6 hadi 6.5 hivi. Katika udongo wenye chokaa, pH ikipanda juu ya 7.5, mti hushindwa kuchukua madini ya chuma na zinki, na majani machanga hutoka ya manjano huku vishipa vyake vikibaki kijani.

Sasa shimo. Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuchimba shimo lenye kina kikubwa, kuweka samadi ya kutosha chini, kuchanganya udongo na mboji, kisha kupanda. Nauheshimu ushauri huo kwa sababu umetokana na watu waliotaka kumpa mche mwanzo mwema, na katika ardhi iliyochoka kwa kulimwa una mantiki yake, lakini kwa mchungwa wa nyumbani naamini unadhuru kuliko unavyosaidia. Samadi na mboji huoza, na vikioza hupungua ujazo, kwa hiyo mche uliowekwa juu yake hushuka taratibu pamoja na udongo wote uliolegezwa. Ulioupanda katika usawa sahihi utaukuta baada ya msimu mmoja umezama kwa vidole vile vile vitatu. Zaidi ya hayo, shimo lililojazwa udongo mwepesi katikati ya udongo mzito hupokea maji haraka kuliko kuta zake zinavyoweza kuyapitisha, likawa beseni lisilo na tundu. Samadi mbichi nayo huunguza mizizi midogo.

Mizizi inayolisha mchungwa haiendi mbali kwenda chini. Sehemu kubwa yake hukaa katika sentimita 30 hadi 60 za juu, ikitambaa kwa upana hadi kupita kivuli cha matawi, kwa hiyo shimo linapaswa kuwa pana na fupi: upana mara mbili au tatu ya ule wa kiriba, na kina kisichozidi kimo cha udongo wa kiriba. Sehemu ya chini iachwe bila kulegezwa, ili bonge la udongo wa mche likae juu ya kitu kisichoshuka. Kuta za shimo, hasa katika mfinyanzi, huwa zimelainishwa na jembe hadi kung'aa, nazo zikwaruzwe kwa ncha ya kitu kigumu ili mizizi ipate pa kupenya. Udongo wa kurudishia ni ule ule uliotoka shimoni. Mboji iliyoiva ina nafasi yake, nayo ni juu ya ardhi, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kuushusha mche, ondoa kiriba chote. Nimeona miti iliyong'olewa baada ya miaka na plastiki bado imeizunguka mizizi, kwa kuwa aliyepanda aliamini kuipasua chini kunatosha. Kisha kung'uta tabaka la nje la udongo wa kitalu, sentimita mbili hivi kuzunguka bonge, ili ncha za mizizi zigusane moja kwa moja na udongo mpya; ile inayozunguka inyoshwe, na isiyonyoshika ikatwe kwa kisu safi. Mzizi mkuu ukiwa umejikunja kama ndoana chini ya kiriba, kata sehemu iliyojikunja. Mkono hutetemeka kidogo unapofanya hivyo, lakini mzizi uliokatwa huchipua mingine, na uliojikunja hubaki umejikunja.

Weka mche shimoni, laza fimbo iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na utazame. Sehemu ya juu ya bonge inapaswa kuwa juu ya fimbo kwa sentimita mbili hadi tano. Macho ya aliyezoea kupanda mboga yatamwambia kwamba mche umekaa vibaya, kama mtu aliyevaa kofia ndogo, naye atatamani kuuongezea udongo. Asiongeze. Na hapa kuna mtego: vitaluni, mche ukihamishwa kutoka kiriba kidogo kwenda kikubwa, huongezewa udongo juu, kwa hiyo shingo huenda tayari imefukiwa ndani ya kiriba chenyewe. Fukua kwa vidole hadi uone mizizi ya kwanza ya pembeni inapoanzia, na upime kutoka hapo.

Rudisha udongo nusu, mwagilia ili maji yenyewe yauketishe na kufukuza hewa, kisha malizia. Kushindilia kwa kisigino hakuna haja; udongo ulioshindiliwa hukosa hewa, na mizizi hupumua. Bonge la kitalu lisifunikwe kwa udongo mzito, kwa sababu maji yatapita pembeni yake badala ya kuingia ndani. Nitalirudia kwa msisitizo suala hili la maji kwa kuwa linaua miche ya watu makini: udongo wa kiriba kwa kawaida ni mwepesi na hukauka haraka kuliko ardhi inayouzunguka, na katika majuma ya kwanza mizizi yote bado imo ndani yake. Unaweza kugusa ardhi nusu mita kutoka kwenye shina ukaikuta na unyevu mzuri, huku mche umekaukiwa kabisa. Kwa hiyo kisahani cha maji, yaani ukingo wa udongo unaozuia maji yasitiririke, kiwe mwanzoni na upana wa bonge tu au zaidi yake kidogo, na ndani yake udongo uinuke kuelekea shina ili maji yasituame kwenye gome. Lita nane au kumi mara mbili hadi tatu kwa juma zinatosha katika hali ya hewa ya joto lisilo kali. Kichanga kitadai zaidi na mfinyanzi kitadai pungufu. Kidole kilichozamishwa ndani ya bonge ni kipimo bora kuliko ratiba yoyote. Baada ya miezi miwili au mitatu, mizizi ikishatoka, panua kisahani, punguza idadi ya kumwagilia na uongeze kiasi cha kila mara. Majani ya manjano yanayodondoka huweza kumaanisha kiu au mafuriko, na dalili zake hufanana mno, kwa hiyo fukua kwanza, kisha uamue.

Mboji sasa. Itandaze juu ya ardhi, kisha juu yake weka matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao, jumla ya sentimita tano hadi nane, kwa upana kadiri unavyoweza, lakini uache duara tupu la sentimita 20 au 30 kuzunguka shina. Wapo wanaorundika matandazo yakapanda kwenye shina. Hilo ni kupanda chini mno kwa njia nyingine. Nyasi pia zing'olewe katika duara hilo, na kwa mkono, kwa sababu jembe hukata mizizi ya juu na kuchubua gome.

Mbolea ya nitrojeni, ambayo mchungwa huipenda sana, isubiri hadi mche utoe chipukizi mpya, na hapo itolewe kidogo kidogo kwa awamu kadhaa, ikinyunyizwa mbali na shina na kumwagiliwa mara moja. Kupogoa karibu hakuhitajiki. Majani ya mti usiopukutika ndiyo ghala lake la chakula, na kila tawi linalokatwa katika mwaka wa kwanza huichelewesha mizizi. Matawi ya chini, ambayo watu hupenda kuyaondoa ili mti uwe na umbo la mwavuli, hulikinga shina na jua. Penye jua kali shina tupu hupakwa rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu. Kinachopaswa kuondolewa bila huruma ni maotea yanayotoka chini ya kovu, kwa sababu hayo ni mti mwingine, nayo hukua kwa nguvu hadi kuumeza ule uliouchagua. Yang'oe yakiwa bado laini.

Kuhusu wadudu nitasema machache. Michoro ya rangi ya fedha kwenye majani machanga ni kazi ya funza wa kipepeo mdogo sana, na mti huvumilia. Viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege huokotwa kwa mkono. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani kwa safu kwa kawaida huwa wanafuga vidukari au wadudu gamba kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota mitini, ni habari nyingine, kwani huwinda: andiko la Kichina ambalo kwa desturi huhesabiwa kuwa la mwaka 304 linaeleza jinsi viota vyao vilivyouzwa sokoni ili viwekwe kwenye michungwa. Anayechuma matunda hataufurahia ulinzi huo, lakini mti utaufurahia.

Maua ya kwanza yakija, acha yachanue, kisha uondoe vitunda vya mwaka wa kwanza na ikiwezekana vya mwaka wa pili. Hata mti mzima huangusha sehemu kubwa mno ya maua na vitunda vyake, kwa hiyo usishtuke ukiviona chini. Machungwa ya mwanzo huwa na ganda nene na maji machache, jambo la kawaida kwa mti mchanga wenye nguvu, na mtu asilikatae shina lake kwa hukumu ya msimu huo.

Na kama mche tayari umekaa chini mno? Ukiwa na umri usiozidi mwaka mmoja, ung'oe pamoja na bonge lake wakati jua si kali, uinue na uupande upya. Ukiwa mkubwa zaidi, fukua udongo kuzunguka shina hadi mizizi ya kwanza ya pembeni ionekane, tengeneza mteremko ili maji yasirudi pale, na uache gome likauke. Gome lililokufa, lile lenye rangi ya kahawia kwa ndani na harufu ya kuoza, likwanguliwe hadi ufikie lililo hai. Kidonda kisichofika nusu ya mzunguko wa shina huweza kupona. Kikizidi hapo, ipo tiba ya mwisho, na inajulikana kwa sababu ya mti mmoja huko Riverside, California: mchungwa wa navel, yaani wa machungwa yenye kitovu, ambao mkazi wa huko, Eliza Tibbets, aliupanda mwaka 1873, wa aina iliyotoka Bahia nchini Brazil. Aina hiyo haina mbegu, kwa hiyo huenezwa kwa kubebesha. Shina la mti huo liliposhambuliwa na kuoza, mwaka 1918 wataalamu walipanda miche mipya kuuzunguka na kuibebesha kwenye shina juu ya kidonda, ili iupe mizizi mingine, na mwaka 1951 wakarudia. Bado uko hai. Kwa mti wa uani wenye umri wa miaka mitatu, hata hivyo, kazi hiyo haina faida: uondoe pamoja na mizizi yake, na mwingine uupande mahali tofauti, juu ya tuta.